Nilivyoifukuza Pikapu ya Mama Wambui hadi Kamukuywa

Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Ndiyo, nimestaafu, na nina umri wa miaka thelathini na nne. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwaga oili chafu na kujaza mpya uani mwa watu, Kitale na Bungoma, mpaka ngozi ya mikono yangu ikakataa. Ilianza kwa upele katikati ya vidole, ikawa mipasuko, ikafika mahali nikishika spana damu inatoka. Daktari aliniuliza kama nina kazi nyingine. Nikasema sina. Akasema, "Basi itafute, kwa sababu hii imekwisha." Siku hizi nauza miche ya parachichi. Mikono imepona.

Nawaandikia nyinyi mlionunua gari la kwanza juzi na mnataka kubadilisha oili wenyewe nyumbani. Mnanipigia simu kuniuliza spana ni namba ngapi, oili ni nzito au nyepesi, na kama kweli jambo hili linamhitaji fundi. Halimhitaji. Linamhitaji mtu aliyeamua kulifanya hadi mwisho bila kuruka hatua. Nalijua hilo kwa sababu kuna asubuhi moja niliruka hatua, na nusura niue injini ya pikapu ya Mama Wambui. Nitawaeleza kazi yote kwa kupitia asubuhi hiyo, ingawa nitapotea njia mara mbili tatu. Nivumilieni.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kitabu cha gari kilichokosa kurasa za katikati, nikiwa chini ya gari la mjomba wangu kule Bungoma. Tena mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu. Nikimaliza gari la mtu, naangalia oili, nafuta kijiti cha kuipimia, naangalia tena. Wateja walinipa jina, Fundi Angalia-Tena. Nilijifanya silipendi.

Mama Wambui alikuwa mteja wangu wa Kitale. Familia yake ilitoka Mkoa wa Kati zamani, na yeye mwenyewe alizaliwa Trans-Nzoia na anajua udongo wa pale kuliko mabwana shamba. Alikuwa na pikapu moja tu, na pikapu hiyo ndiyo iliyobeba viazi na kabeji zake hadi soko la Malakisi, ambako wakulima wa tumbaku hununua chakula kwa sababu shamba lote limeliwa na tumbaku. Mume wake alikuwa ameshafariki. Injini ile ikifa, biashara inakufa siku hiyo hiyo. Alikuwa amenieleza hivyo bila kunizungusha: "Fundi, hii gari ndiyo bwana yangu sasa. Usinifanye mjane mara ya pili."

Asubuhi hiyo alitaka oili ibadilishwe kabla hajaondoka. Mzigo ulikuwa tayari nyuma, umefungwa kamba. Niliwasha injini dakika tano nikaizima. Hili nalo mlishike: oili baridi inatoka kwa uvivu na inaacha uchafu ndani, na oili iliyochemka inakuchoma mkono. Mnataka oili ya uvuguvugu, kama chai mliyoisahau mezani.

Pikapu yake ilikuwa juu, kwa hiyo sikuhitaji jeki. Magari yenu madogo yatahitaji. Basi sikilizeni: jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Ukishainua, weka stendi mbili za chuma, zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, kisha lisukume gari kwa bega kabla hujaingia. Likitikisika, usiingie. Sitaki kusikia kwamba mtu alisoma maneno yangu halafu akalaliwa na gari.

Nililala juu ya gunia, nikaweka beseni, nikafungua bolti ya sampu, yaani ile bolti iliyo chini kabisa ya injini. Hapa ndipo nitapotea njia mara ya kwanza. Chini ya gari kuna bolti zaidi ya moja zinazofanana. Gari la kwanza maishani mwangu, lile la mjomba, nilifungua moja ikatoka oili nyekundu. Nikafurahi. Nikajiambia, ona jinsi mjomba anavyotunza gari lake, hata oili haijachafuka. Nikafunga, nikaenda juu, nikajaza lita nne za oili mpya kwenye injini. Mjomba akawasha, akaweka gia, gari likanguruma lakini halikwenda popote. Nilikuwa nimemwaga oili ya giaboksi yote, na injini ikawa na oili mara mbili. Mjomba alikaa ndani ya gari akishika usukani kama mtu anayeendesha. Akaniuliza kwa upole, akiniita baba kwa lugha ya kwetu, "Papa, tumefika?"

Kwa hiyo kabla hujafungua, fuata kwa macho. Tafuta filta ya oili, tafuta sampu iliyo karibu nayo, gusa uone ina joto la injini. Ikitoka nyekundu, funga haraka.

Jambo la kukaza nalo nililijua kwa aibu. Kwa wasiwasi wangu, nilikuwa nakaza bolti ya sampu mpaka mishipa ya shingo isimame. Siku moja ikazunguka tu bila kushika, kama kijiko kwenye uji. Nilikuwa nimekula nyuzi zote za sampu. Nikaenda kwa Nasimiyu, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa na duka la spea Kitale, karibu na stendi. Huyo ndiye mtu pekee ninayeweza kumwita mwalimu wangu, ingawa hakuwahi kushika spana mbele yangu. Alijua kila kitu kwa kuangalia vitu vilivyovunjika ambavyo watu walimletea kaunta.

Akaiweka ile bolti kwenye kiganja, akaigeuza.

"Hii umekaza au umeifunga jela?"

"Niliogopa itavuja, mayi," nikasema, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Ilikuwa inavuja?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa inavuja."

Alicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Kisha akanipa bolti mpya, ringi ndogo ya shaba ya kuweka katikati, na neno moja ambalo nimelitumia kuliko spana yoyote. "Sikia, wewe. Hiyo roho yako inakuambia vitu kumi, tisa ni uongo. Lakini usiifukuze, bana. Kaa nayo mpaka ujue ya kumi ni gani." Kuhusu bolti alisema nikaze kwa mkono mmoja, spana fupi, mpaka ishike, halafu kidogo tu. Ringi mpya kila mara. Basi.

Turudi kwa Mama Wambui. Oili chafu ilikuwa inashuka kwenye beseni, nzuri, nyeusi, uzi mmoja bila kukatika. Nikaacha ishuke, nikaifuata filta. Nikaifungua kwa kipande cha mkanda wa zamani nilichokizungushia, kwa sababu sipendi ile tabia ya kuitoboa kwa bisibisi. Filta ikatoka. Nikaiweka kwenye beseni, mdomo ukiangalia chini.

Hapo hapo nikaitwa chai.

Nyinyi mmezaliwa huku, mnajua. Hakuna mtu anayefanya kazi kwenye boma la mtu akaondoka bila chai, na hakuna mtu anayeikataa mara mbili. Nilikataa mara moja.

"Mama, nimalizie kwanza, niko na injini wazi."

"Haiya! Injini itatoroka? Toka huko chini. Nani hukataa chai kwangu?"

Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, nikaingia. Ndani kulikuwa na akina mama wanne wa kanisani kwao, waliokuja kuombea safari. Chai ilikuwa tamu, mkate ulikuwa umepakwa siagi pande zote mbili. Kisha tukasimama kuomba. Waliombea barabara, wakaombea matairi, wakaombea polisi wa barabarani wawe na roho laini, wakaombea wanunuzi wa Malakisi. Mama mmoja akaniombea mimi kwa jina, mikono yangu iwe na hekima. Nilikuwa nimefumba macho, na ndani ya giza hilo niliona tundu la filta likiwa wazi, na vumbi likiingia.

Nilipotoka nilikuwa nimechelewa, na Mama Wambui alikuwa ameshavaa viatu vya safari. Nikarudi chini nikaanzia mahali ambapo nilidhani niliachia. Nikafunga bolti na ringi yake mpya. Nikapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, nikaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Nikajaza oili. Nikawasha, taa nyekundu ya oili ikazimika, nikaangalia chini, pakavu. Nikazima, nikangoja, nikaangalia kijiti mara tano. Kila kitu sawa. Akaondoka, na akina mama wakapunga mikono.

Nikabaki kusafisha. Hii nayo ni sehemu ya kazi, wala msiiruke. Chupa tupu za oili nazitoboa kwa msumari, kwa sababu zipo chupa zinazookotwa, zinajazwa takataka na kuuzwa tena kama mpya. Oili chafu siimwagi chini. Zamani niliimwaga nyuma ya nyumba ya mjomba, na misimu mitatu mahindi hayakuota hapo. Siku hizo majirani walikuwa wanakuja na makopo kuichukua, wanapaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Mimi naweka kwenye mtungi wenye kifuniko na kuipeleka kwa gereji wanaoikusanya.

Nikainua filta ya zamani kutoka kwenye beseni ili ichuruzike vizuri. Nikaigeuza mdomo juu.

Mfereji wa mpira ulikuwa mtupu.

Nitawaeleza maana yake polepole, kwa sababu ndiyo hatua niliyoiruka. Filta ina ringi ya mpira mdomoni, inayokaa ndani ya mfereji wake. Ukifungua filta ya zamani, mara nyingine mpira wake unang'ang'ania injini na kubaki juu. Usipouona, ukafunga filta mpya na mpira wake, sasa una mipira miwili, mmoja juu ya mwingine. Gari likiwa limesimama, inashika. Ukiangalia, pakavu. Ukienda barabarani, injini ikipanda kasi, oili inasukuma mpira mmoja unachomoka, na oili yote inatoka ndani ya dakika chache. Injini inajisaga yenyewe. Kila mara, kabla ya kufunga filta mpya, mimi hupitisha kidole pale juu kwenye injini na kuihesabu ringi kwenye filta ya zamani. Kila mara, isipokuwa mara ile moja niliyoitwa chai.

Nilitia mikono yote miwili kwenye beseni. Nikatafuta kwa vidole, oili ikafika kwenye viwiko. Hakukuwa na mpira. Nikatafuta kwenye nyasi. Hakukuwa na mpira.

Nikampigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Mama Wambui huweka simu kwenye mkoba, na mkoba chini ya kiti, na hashiki akiendesha. Nilipiga tena.

Nawakiria nyinyi jambo ambalo sikuwahi kumkiria Nasimiyu. Nilikaa juu ya gunia dakika nzima nikitafuta sababu ya kutofanya lolote. Labda mpira uliokotwa na kuku. Labda filta ile haikuwa na mpira tangu mwanzo. Labda ni wasiwasi wangu tu, nimezoea. Injini ikifa njiani, nani atajua ni mimi? Watu watasema oili ilikuwa mbaya. Watasema gari ni zee. Nilikuwa na hofu nyingi za uongo maishani kiasi kwamba ningeweza kuitupa hii pamoja nazo na hakuna ambaye angenilaumu.

Halafu nikaangalia ile filta tena. Haikuwa hofu. Ilikuwa mfereji mtupu, na nilikuwa nimeushika mkononi.

Nikachukua oili iliyobaki, nikachukua filta ya akiba na spana, nikakimbia barabarani na kusimamisha bodaboda.

"Malakisi, lakini tunafuata pikapu nyeupe yenye kabeji."

"Sawa, boss. Nani amekutoroka? Bibi?"

"Hapana. Ni ringi ya mpira."

Alipunguza mwendo akageuka kuniangalia. "Ati ringi ya mpira?"

"Endesha!"

"Bana, nimebeba watu wanafukuza bibi, nimebeba mtu anafukuza ng'ombe. Ringi ya mpira hii ni ya kwanza."

Tulipita Kiminini bila kuiona pikapu. Nilikuwa nimekumbatia chupa ya oili kama mtoto, na macho yangu yalikuwa kwenye lami. Kwa muda mrefu lami ilikuwa safi, nikaanza kuona aibu, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia huyu dereva turudi. Kisha, baada ya matuta ya kabla ya Kamukuywa, nikaona tone. Jeusi, mviringo, kubwa kama kifuniko cha soda. Hatua kumi mbele, jingine. Kisha matone yakakaribiana.

"Unaona?" nikamwambia dereva.

Hakutania tena. Akalala juu ya usukani.

Tuliikuta Kamukuywa, kando ya barabara, injini ikinguruma. Mama Wambui alikuwa anamshushia mteja wake magunia mawili ya viazi, na alitaka kuondoka mara moja. Aliponiona alisimama na gunia mikononi.

"Fundi? Si nimekuacha kwangu?"

"Zima injini, mama."

"Nizime ya nini? Nashusha tu naenda."

"Zima kwanza. Nimekosea."

Alizima. Nikavuta kijiti: oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya mwisho. Ilibaki kidogo tu kuilinda injini, na mbele yake kulikuwa na kilima. Nikamweleza pale pale, watu wakiwa wamekusanyika: mpira, filta, chai, sala, kidole ambacho sikukipitisha. Sikuacha kitu.

Alinisikiliza huku akipangusa mikono kwenye leso. "Kwa hivyo ungenyamaza, nisingejua."

"Usingejua."

"Ningesema ni Mungu amenijaribu."

"Ndiyo, mama."

Mtu mmoja akasema kwamba fundi kama huyu ni wa kuchapwa, mwingine akasema heri huyu aliyekuja. Mama Wambui alivua viatu, akajifunga leso ya pili juu ya nguo ya soko, akatandika gunia chini ya pikapu yake.

"Sogea."

"Mama, ni moto, na utachafuka, wacha mimi..."

"Nimesema sogea. Wewe utaongea, mimi nitashika."

Akalala chini. Nikalala kando yake nikampa kitambaa cha kushikia. Nikamwambia azungushe kwa kushoto, akazungusha. Oili iliyobaki kwenye filta ikamwagikia mkono wake mpaka kwenye kikwapa. Nje watu walikuwa wanacheka: "Mama amekuwa fundi!" Bodaboda wangu akajibu, "Na fundi amekuwa mama!" Hatukucheka.

"Pitisha kidole pale juu," nikamwambia. "Mahali filta ilikuwa imekaa."

"Napitisha. Iko kitu. Laini."

"Hiyo ndiyo. Ibandue."

Aliibandua kwa kucha. Ilikuwa bapa, nyeusi, imeraruka upande mmoja. Akaitazama kwa muda chini ya injini yake, kisha akaniwekea kwenye kiganja. Akapitisha kidole tena bila mimi kumwambia, akahakikisha pakavu. Akapaka oili kwenye mpira mpya, akafunga filta ya akiba. Nilipomwambia robo tatu akaniuliza robo tatu ya nini, nikamchorea kwenye vumbi. Tukajaza oili. Akawasha, taa ikazimika. Tukangoja. Akapandisha kasi ya injini mara tatu nikiwa chini naangalia. Pakavu.

Aliponawa mikono kwa maji ya chupa, alinipa hukumu yake. "Chai ni mimi nilikuita. Hiyo ni yangu. Ringi ni yako." Kisha akapanda. "Na usikuje tena. Hii gari sitampa mtu mwingine kuifungua."

Akaenda Malakisi. Nilisimama Kamukuywa na ule mpira mkononi mpaka bodaboda akaniuliza kama tunarudi au tunaishi hapa.

Kwa hiyo mnapoamua kufanya wenyewe, fanyeni kwa ukali wa mama yule. Simu wekeni mbali. Chai inyweni kabla au baada, na mkiitwa katikati, wekeni filta ya zamani mezani mbele yenu, wageni waseme wanavyotaka. Mkirudi, msianzie mahali mnapodhani mliachia. Anzieni mwanzo.

Ilipita kama miezi mitatu. Nilikuwa Bungoma, chini ya gari la mtu mwingine, simu ikaita na nikaona jina lake. Nikashika kwa mkono wenye oili.

"Fundi, nimemwaga. Nimefungua filta. Ringi imetoka nayo, nimeiona kwa macho yangu, na kidole nimepitisha. Sikukuita uje. Nimekuita usikie tu."

Akakata kabla sijamuuliza kama alibadilisha ile ringi ya shaba. Nikampigia. Hakushika. Nikampigia mara ya pili. Nilipotaka kumpigia mara ya tatu niliutazama mkono wangu, ule ule unaosukuma mlango mara tatu, nikairudisha simu mfukoni, na kuendelea na gari lililokuwa juu yangu.